Re: Sisi tunasikia, mtoto kazaliwa kiziwi. Karithi wapi?

Ndugu, umeuliza mtoto kaurithi vipi uziwi ilhali wewe na mkeo mnasikia vizuri na koo zote mbili hazina kiziwi. Inawezekana kabisa, tena mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

Kila mtu ana nakala mbili za karibu kila jeni (maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli), moja ya baba, moja ya mama. Mara nyingi mwenye nakala moja mbovu ya jeni ya usikivu anasikia kama kawaida, wala hajijui. Wakikutana wawili wenye hitilafu kwenye jeni ileile, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kupata mbovu zote mbili. Kwa hiyo wanaosema ni mkosi wa upande wa mama achaneni nao, huenda mmechangia wote.

Jeni inayotajwa sana ni GJB2. Hutengeneza protini ya koneksini 26, inayojenga vijia kati ya seli za sikio la ndani ili potasiamu izunguke. Vijia vikiharibika, seli zinazopokea sauti hushindwa kazi. Kijiji cha Adamorobe, Ghana, kimekuwa na viziwi wengi kwa vizazi kutokana na jeni hiyo, hadi wana lugha yao ya alama.

Ila ulizia pia kama ukoo wa mama una waliopoteza usikivu baada ya sindano za gentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Ipo hitilafu ya mitokondria (sehemu za seli zinazotengeneza nishati), hurithiwa kwa mama tu, inayofanya hata dozi ya kawaida iue masikio. Mkiwa nayo, daktari ajue kabla ya kuandika dawa.