Palm ya kupangia kazi: siku nilipoacha kuwaambia watu "nikumbushe"

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Shemeji yako amekuachia Palm Tungsten E2, kile kikompyuta cha mkononi cha zamani chenye kalenda na orodha ya kazi, na unataka kujua kama bado inafaa kupangia kazi, maana kila ukishika simu kuangalia ratiba unajikuta WhatsApp. Halafu ukagusia kwamba umeshajaribu programu tano za kupanga kazi na zote umezitelekeza baada ya wiki mbili. Hilo la pili ndilo zito. Nitakujibu kwa yaliyonipata mimi, kwa sababu nilitembea na Palm mfukoni kuanzia 2004 hadi 2012, nikifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar.

Nianze na kifaa. E2 ilitoka 2005, na kwako ina sifa moja kubwa: kumbukumbu yake haifutiki chaji ikiisha. Kaka yake, Tungsten E ya 2003 niliyokuwa nayo mimi, haikuwa hivyo. Betri ikikauka kabisa, kila ulichoandika kinaondoka. Yako itakuwa na betri iliyochoka kwa umri, lakini hata ikizima, kazi zako zitabaki. Linda sana waya wake wa kuchajia, maana tundu lake ni la Palm wenyewe na si rahisi kupata mwingine. Kuiunganisha na kompyuta tafuta mashine ya zamani yenye Windows XP, za sasa zitakusumbua. Na ujue kalenda yake inaishia 2031, kwa hiyo usiifanye ndoa ya maisha.

Sasa nikusimulie 2006. Wengi humu mnaukumbuka ule mgao: ukame, maji ya mabwawa yameshuka, umeme unaondoka asubuhi na kurudi watu wamelala. Ijumaa moja niliiacha Palm kwenye begi ikiwa na chaji kidogo, nikaenda msibani Morogoro. Jumatatu nikaichomeka kwenye jenereta ya ofisi. Ikawaka, ikaniomba niguse katikati ya alama ya msalaba, kona hii, kisha kona ile, vilevile kama siku ilipotolewa kwenye boksi. Nikajua. Nikafungua kalenda: tupu. Orodha ya kazi: tupu. Majina ya watu mia na ushee, tupu.

Kulikuwa na kontena la vigae ambalo siku zake za bure bandarini zilikuwa zinaisha Jumatano ile. Nililikumbuka Ijumaa, mteja aliponipigia kuuliza mzigo umefika wapi. Storeji ya siku hizo niliilipa kutoka mfukoni kwangu, na mteja hakurudi tena.

Ungetegemea niseme fundisho ni kuhifadhi nakala. Ni kweli, na nitalifikia. Lakini kilichoniuma zaidi niliking'amua baadaye. Palm ile ilikuwa ukiiunganisha na kompyuta kwa waya na kubonyeza HotSync, kila kitu kinanakiliwa kwa dakika moja hivi. Mara ya mwisho kufanya hivyo ilikuwa wiki saba nyuma. Nikajiuliza, kwa nini wiki saba, na waya uko mezani kila siku? Jibu ni kwamba mtu halindi kitu alichokwisha acha kukiamini. Orodha yangu ilikuwa imekufa moyoni mwangu kabla betri haijafa.

Dalili ilikuwapo mchana kweupe. Kila siku nilikuwa namwambia kijana wa ofisi, "nikumbushe kesho nimpigie yule mtu wa meli." Namwambia mke wangu, "nikumbushe ada ya mtoto." Namwambia dereva, "nikumbushe tukifika Kurasini." Mtu mwenye mfumo anaouamini halisemi neno hilo. Ukilisikia linakutoka, ujue akili yako imeshaihukumu orodha yako, hata kama hujakiri.

Kwa nini niliacha kuiamini? Nilikaa nikachambua, na kosa kubwa lilikuwa tarehe za uongo. Kila kazi niliipa tarehe, kwa nia njema tu. "Panga faili za mwaka jana", nikaweka Alhamisi. Alhamisi ikapita. Palm huweka alama ya mshangao pembeni ya kazi iliyopitwa na tarehe, na baada ya mwezi nilikuwa na alama hizo zaidi ya thelathini. Ndani yake kulikuwa na mbili tatu za kweli, zile ambazo zikipita unalipa hela, lakini zilifanana na nyingine zote. Jicho likazoea. Likawa linapita juu ya alama ya hatari kama linavyopita juu ya tangazo la zamani ukutani.

Nilipoanza upya niliweka sheria moja na sijawahi kuivunja: kalenda ni ya mambo yanayokufa siku yake ikipita. Siku za bure za kontena, tarehe ya mahakama, ndege, harusi, miadi na mtu. Mengine yote yanakaa kwenye orodha bila tarehe. Mwanzoni inatisha, unaona kama unayaachia. Lakini baada ya wiki chache, ukifungua kalenda na kuona jambo, mwili mzima unajua ni la kweli.

La pili ni namna ya kuandika. Nilikuwa na kazi iliyoandikwa "Gari la shemeji." Ilikaa miezi miwili. Kila nikiisoma natakiwa kufikiri upya: gari limefanyaje? nani anasubiri nini? Nachoka, naruka. Siku niliyoiandika upya "Piga simu kwa fundi, uliza bei ya rejeta" iliisha kabla ya chakula cha mchana. Andika kitendo ambacho mkono au mdomo unaweza kukianza sasa hivi. Ukishindwa kukipata, basi bado hujafikiri, na kifaa hakitafikiri kwa niaba yako.

Hapa nikuonye kuhusu mwandiko wa E2. Unachora herufi moja moja kwa kalamu yake juu ya kioo, kwa mwandiko uitwao Graffiti 2, uliokuja baada ya kesi ya kampuni ya Xerox kuhusu mwandiko wa kwanza, ule wa herufi moja kwa mchoro mmoja. Katika hii mpya, herufi i, k na t zinataka michoro miwili kila moja. Waingereza labda hawakuona tabu. Sisi kila neno lina ki, ti, ni. Andika "tikiti" uone: herufi sita, michoro kumi na miwili. Dawa yake ni vifupisho, ambavyo unavipanga kwenye mipangilio ya Palm. Mimi nikichora alama ya kifupisho kisha "pk" ilinitolea "Piga simu kwa", na "ns" ikanitolea "Nasubiri". Usidharau jambo hili. Kifaa kinachokuchosha kuandika utakikwepa, na ukikikwepa mara tatu mambo yanaanza kurudi kichwani.

Kwa makundi ya kazi, Palm inakuruhusu 15 ya kwako. Nilianza na yote 15, nikaishia sita, yaliyopangwa kwa mahali ninapoweza kufanyia kazi hiyo: Bandarini, Ofisini, Simu, Posta, Nyumbani, na la sita, Nasubiri. Nikiwa Posta nafungua Posta peke yake. Siteswi na kazi za nyumbani nikiwa kwenye foleni ya benki.

Nasubiri ndilo lililoniokoa. Kazi ya kutoa mizigo karibu yote ni kusubiri wengine. Unasubiri kampuni ya meli ikupe D/O, yaani hati ya kuruhusu mzigo utolewe, unasubiri makadirio ya kodi, unasubiri mhasibu wa mteja aweke hela, unasubiri lori. Mambo hayo huwezi kuyaandika kama kazi yako, kwa sababu mpira hauko kwako, na usipoyaandika popote yanazama. Kwa hiyo kila nilipokata simu, kabla sijainua macho, niliandika mstari mmoja: nani, ameahidi nini, lini. "Nasubiri mhasibu wa vigae, hela ya kodi, kasema J4 asubuhi." Jumanne saa tano nikipiga simu, simlaumu, namsomea tu maneno yake. Watu walianza kusema ukimwahidi huyu bwana hasahau. Mimi nasahau sana.

Wapo watakaokuambia uandike kila kitu moja kwa moja kwenye kifaa. Sikubaliani nao. Getini bandarini, jua la saa saba, kioo cha Palm kilikuwa hakisomeki, na vumbi lile halifai. Nilibeba kijidaftari cha mfuko wa shati na kalamu. Lakini kijidaftari kilikuwa njia tu, Palm ndiyo nyumba. Kila jioni kabla sijavua viatu nilihamisha yote na kuuchana ule ukurasa. Siku ambazo nililala na ukurasa mfukoni, kesho yake nilikuwa na orodha mbili, na mwenye orodha mbili hana hata moja.

Kisha kuna Jumamosi. Saa mbili asubuhi, ofisi haijajaa, nina chai na chapati zangu. Naanza na kalenda ya wiki iliyopita, siku baada ya siku, kwa sababu mara nyingi kikao kimeacha deni ambalo sikuliandika. Napitia wiki mbili zijazo. Napitia Nasubiri mstari kwa mstari. Mwisho nasoma makundi mengine na kufuta bila huruma yale ambayo sitayafanya. Dakika arobaini. Halafu HotSync, halafu nachapa kalenda na Nasubiri kwenye karatasi, naziweka kwenye droo. Hiyo karatasi ndiyo nakala yangu ya mgao wa umeme, wa wizi, wa kila kitu. 2012 kioo kilipasuka kwenye daladala, nikahamia kwenye simu mchana mmoja bila kupoteza hata mstari.

Ndiyo maana nasema programu zako tano huenda hazikuwa na kosa. Wiki mbili ni muda ambao mtu yeyote huishi kwa ari ya kitu kipya. Ukiruka mapitio ya wiki ya kwanza na ya pili, orodha inaanza kusema uongo, nawe unaona unahitaji programu nyingine.

Je, utumie E2? Kwa hali uliyoieleza, ndiyo, kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja: haitakupeleka kwingine. Jeff Hawkins, aliyeanzisha Palm, kabla ya Pilot, Palm ya kwanza, ya 1996, alikuwa anatembea na kipande cha mbao mfukoni, kimekatwa kwa ukubwa wa kifaa alichokiwaza, na mtu akimuuliza kama ana nafasi anakitoa na kujifanya anaandika. Alitaka kujua kama mkono wake utakubali kukitoa mara zote hizo. Fanya kama yeye. Wiki ya kwanza tembea nayo tu, itoe kila unapoahidi kitu, uandike hata maneno matatu. Usipange makundi, usiweke rangi.

Na kabla ya hapo, kesho, siku nzima, hesabu mara ngapi unamwambia mtu "nikumbushe". Iandike namba hiyo humo ndani, iwe kitu cha kwanza kabisa. Jumamosi ya nne baada ya chai yako hesabu tena, kisha uje hapa utuandikie namba zote mbili. Mimi siku ile ya kwanza ilikuwa kumi na moja.