Pirates 2026: mikono ipo, mipigo haipo

Ndugu yangu, umeuliza kama Pirates wa Pittsburgh, timu ya besiboli ya Marekani, wana la kutarajia 2026 baada ya kushinda mechi 71 na kupoteza 91 mwaka 2025. Kwa warushaji, wanalo, tena kubwa. Mrushaji wao Paul Skenes alimaliza 2025 akiruhusu wastani wa mikimbio (yaani pointi) 1.97 isiyotokana na makosa ya wenzake kwa kila vipindi tisa, akawatoa wapigaji 216 kwa straiki tatu, na bado rekodi yake ilikuwa kushinda mechi 10 na kupoteza 10! Inaniuma kweli. Kijana anafunga mlango, wenzake hawaleti hata mkimbio mmoja wa kumsaidia.

Mrushaji mwenzake, Bubba Chandler, naye alipandishwa kutoka ligi ndogo Agosti 2025. Siku yake ya kwanza, dhidi ya Rockies wa Colorado, aliingia mechi ikiendelea akarusha vipindi vinne bila kuruhusu mkimbio. Mpe nafasi ya kuanza mechi tangu Aprili.

Shida ni kupiga. Hom-rani (mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja) 117 msimu mzima wa 2025, chache zaidi kati ya timu zote 30 za ligi kuu. Konnor Griffin, mpigaji wao chipukizi, ana kipaji kikubwa, lakini bado ni mdogo, alizaliwa 2006. Msimwekee mzigo wote. Wanunue mpigaji mmoja mzito sasa, Skenes akiwa bado wao.