Swali la lugha: "Gitaa la solo" au "gitaa pekee"?

Swali: Natayarisha ratiba ya onyesho la wanafunzi wa muziki. Mmoja wao atapiga sonata (utungo wa ala wenye sehemu kadhaa) ya Mauro Giuliani, kazi namba 15, akiwa peke yake jukwaani. Nimeandika "Sonata ya gitaa la solo". Mwenzangu anataka "Sonata kwa gitaa la solo", tena anasema mwanafunzi "atacheza" sonata hiyo, yenye "harakati" tatu. Tuandike vipi?

Jibu: Nianze na hilo la solo, maana hapo nyote wawili mmepotoka. Kwa msomaji wa Kiswahili neno hilo tayari lina kazi yake. Katika bendi za dansi, kuanzia Kinshasa hadi Dar es Salaam, magitaa yamegawana majukumu: besi, ridhimu na solo. Gitaa la solo ndilo linalopanda juu na kuchombeza huku mengine yakilibeba. Tukisema Mbaraka Mwinshehe alikuwa mpiga solo hodari wa Morogoro Jazz, hakuna anayedhani alisimama jukwaani bila wenzake. Anayesoma "gitaa la solo" katika ratiba yenu atangojea bendi.

Sonata hiyo ni kinyume kabisa. Giuliani, Mtaliano aliyehamia Vienna mwaka 1806, alitaka gitaa moja la nyuzi sita lijitosheleze. Kidole gumba kinashughulikia besi kwenye nyuzi nene, vidole vingine vinaimbisha sauti ya juu, na katikati panajazwa kwa akodi (noti kadhaa za kundi moja) zinazopigwa noti moja baada ya nyingine. Mzigo wote ambao bendi huugawa kwa watu watatu unabebwa na mpigaji mmoja, na huo ndio uzuri wake. Jina lazima liuoneshe upweke huo. Andikeni "Sonata ya gitaa pekee".

Mpangilio wa maneno usivurugwe. "Sonata pekee ya gitaa" maana yake ni kwamba hakuna nyingine, ilhali Fernando Sor wa Barcelona alitunga zake, na Anton Diabelli pia. Mkipenda "peke yake" ni sawa, ila msichanganye mkaandika "pekee yake", kosa ninaloliona hata magazetini: "peke" hufuatwa na kimilikishi, "pekee" hujisimamia.

"Kwa" hapo haihitajiki. Tunasema wimbo wa harusi, ngoma ya unyago. Basi na sonata ya gitaa.

Kuhusu kitenzi, umepatia. Ala hupigwa: kinanda, udi, zeze, gitaa. Najua "kucheza gitaa" kunasikika sana siku hizi, hata redioni, lakini kwetu anayecheza muziki ni yule anayeusakata kwa mwili. Tofauti hiyo kati ya mpigaji na mchezaji ina manufaa, na sioni sababu ya kuipoteza.

"Harakati" nazo ni pilikapilika au mapambano, kama harakati za ukombozi. Sonata ina sehemu. Hii ya Giuliani inazo tatu: ya kwanza na ya mwisho za kasi, ya kati ya polepole. Yale maneno ya Kiitaliano ya mwendo, kama Allegro na Adagio, yaacheni yalivyo, kwa kuwa mwanafunzi atayakuta hivyo hivyo kwenye karatasi ya noti. Andikeni tu: "Sehemu ya pili: Adagio".