“Noma” ni sifa au lawama?

Umeuliza kwa nini mama yako alikasirika ulipomwandikia kwamba hotuba yake ilikuwa “noma”, ilhali ulikusudia kumsifu. Kwa wengi waliolizoea neno hilo zamani, noma ni taabu, aibu au hatari: “usilete noma” ni onyo, na “nimeona noma” ni kukiri kwamba umeona haya. Vijana wameligeuza likawa sifa, kwa njia ileile iliyopitiwa na “balaa” na “hatari”, kwani mshambuliaji anayeitwa hatari ni yule anayeogopwa na mabeki, na kuogopwa huko ndiko kunakohesabiwa kuwa ubora. Hata hivyo, maana ya zamani haijafa. Kijana yuleyule anayesema “ngoma hii ni noma” atasema “kuna noma” ugomvi ukizuka, na wenzake hawatachanganyikiwa, kwa sababu wanaiona hali yenyewe na wanaisikia sauti yake, vidokezo ambavyo ujumbe wako wa maandishi (tena mfupi, nadhani) haukuwa navyo. Zaidi ya hayo, watu wengi hubaki na misimu (maneno ya mtaani) ya ujana wao, ilhali vijana huelekea kuliacha neno pindi linapodakwa na wakubwa na matangazo ya biashara, maana kazi yake mojawapo ni kuwatambulisha wao kwa wao. Kwa hotuba ya mzazi, “imenigusa sana, mama” ingetosha.