Nyati Mwachie Askari, Wewe Shughulika na Baridi

Wazazi wanaotaka kupeleka watoto kulala hemani Hifadhi ya Taifa ya Arusha huniuliza swali moja kabla hata ya kuuliza bei: wanyama je? Ni swali la haki. Ila kwa muda niliofanya kazi ya kuongoza wageni upande huu wa Mlima Meru, familia ninazoziona zikifungasha virago asubuhi ya pili hazikimbii nyati. Zinakimbia usiku wa baridi, nguo zilizolowa, na mtoto aliyetembezwa mpaka akagoma katikati ya njia.

Tuanze na hao wanyama, maana bila hivyo hamtanisikiliza. Nyati wapo wengi, hasa kwenye uwanda ulio karibu na lango la Momella, na mara nyingi utawakuta wanalisha pamoja na ngiri na twiga. Chui wapo, lakini kumwona ni bahati. Fisi utamsikia usiku. Simba msiwaahidi watoto; hifadhi hii haijulikani kwa simba, na mtoto aliyeahidiwa simba hatamthamini twiga aliyesimama mbele yake. Kwa miguu hutembei peke yako: lazima uwe na askari wa hifadhi mwenye bunduki, na yeye ndiye bosi wa msafara, si baba mwenye gari wala mimi. Akinyoosha mkono, kila mtu anasimama na kunyamaza. Akisema rudi, mnarudi taratibu, mtoto mdogo akiwa katikati. Kukimbia ni mwiko. Wafanyisheni watoto zoezi hilo nyumbani kama mchezo: baba anyooshe mkono, wote wagande. Anayetutia wasiwasi zaidi ni dume la nyati lililozeeka na kutengana na kundi. Hulala kichakani, na mkilishtua kwa karibu halifikirii mara mbili. Ndiyo maana askari hupenda mzungumze kwa sauti ya kawaida kwenye vichaka, ili lijue mnakuja, na mnyamaze mkishaliona.

Sasa baridi. Lango la Momella liko kwenye mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kibanda cha Miriakamba, wanapolala wanaopanda Meru, kiko kwenye mita kama 2,500. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi 6 hivi, hata kabla ya kuhesabu upepo na ukungu. Likizo ya Juni, ambayo ndiyo wengi huitumia, inaangukia kwenye msimu mkavu lakini pia kwenye miezi ya baridi kali. Anayetoka Dar es Salaam na sweta la kanisani atajuta saa mbili usiku.

Jinzi ziacheni nyumbani. Zikilowa hazikauki, na mtoto mwenye jinzi mbichi kiunoni anatetemeka hata jua likiwaka. Suruali ya michezo, fulana isiyo ya pamba kama mnayo, sweta la manyoya mepesi, koti la mvua, kofia ya kuziba masikio. Si lazima mnunue dukani. Soko la Memorial pale Moshi lina makoti ya mitumba ya watoto ambayo yangewatosha watoto wa Ulaya kwenye theluji, na mahema na mifuko ya kulalia inakodishwa Arusha na Moshi. Mkikodi, fungueni zipu na kuifunga mbele ya mwenye mali, mara mbili. Zipu mbovu mtaigundua usiku.

Watu wengi hujifunika sana juu na kusahau kwamba ndani ya hema baridi hutoka chini. Blanketi tatu juu ya mtoto aliyelala kwenye turubai tupu hazimsaidii. Tandikeni mkeka, kisha godoro la sponji, kisha blanketi moja, ndipo mfuko wa kulalia. Kabla ya kulala mtoto avue kila kitu alichotembea nacho, hata soksi ambazo anaapa ni kavu, avae nguo za usiku ambazo hazijaguswa mchana. Chemsheni maji, mtie kwenye chupa ngumu ya bati, mkaze kizibo, muivike soksi na kuiweka miguuni mwake ndani ya mfuko dakika kumi kabla hajaingia. Chupa za maji ya dukani hazifai, zinajikunja kwa moto na kumwaga. Ukitaka kujua kama mtoto ana baridi usimshike vidole, vidole vya watoto huwa baridi daima. Ingiza mkono shingoni kwa nyuma. Pakiwa na joto, mwache alale.

Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na likishazama giza halisubiri mtu. Hema liwe limesimama saa kumi. Chagueni pahali palipoinuka kidogo, si kwenye mkondo ambao maji ya mvua yamechimba, na si chini ya mti wenye matawi makavu. Chakula hakilali hemani, hata biskuti. Kiwekeni ndani ya gari na vioo vifungwe. Nyani na kima wa maeneo haya wanajua zipu ni nini, na aliyewafundisha ni mgeni aliyewarushia ndizi. Mtoto akitaka kujisaidia usiku, mtu mzima atoke kwanza, amulike tochi polepole pande zote, atazame macho yanayong'aa. Kama kuna macho makubwa yaliyo mbali na ardhi, rudini ndani mfunge zipu. Ndoo ndogo yenye mfuniko kwenye kibaraza cha hema hupunguza safari hizi, na sioni aibu yoyote kuipendekeza.

Kuhusu kupanda, nitasema ninavyoona mimi. Kilele cha Meru kiko mita 4,566 na si mahali pa kupeleka mtoto wa shule ya msingi kwa sababu baba yake alifika Kilimanjaro akiwa kijana. Kwa watoto wadogo, maporomoko ya Tululusia yanatosha kabisa. Waliokua kidogo wapelekeni kwa njia ndefu, ile pana, hadi kwenye mtini mkubwa ambao mizizi yake imeshuka na kuacha tao katikati ya barabara, gari linapita chini yake. Watoto hulipita tao hilo mara kumi, wazazi wanaangalia saa. Acheni kuangalia saa. Kama wana nguvu za kulala juu, Miriakamba kuna mabanda yenye vitanda, hamhitaji hema. Kutoka hapo kwenda juu, kuanzia mita 2,500, watu wengine huanza kuguswa na ugonjwa wa kimo, yaani ule unaoletwa na kupanda juu sana. Mtoto hajui kusema "kichwa kinanigonga." Atakataa chakula, atalia bila sababu, atataka kubebwa. Msimbembeleze kwa chokoleti apande, mshusheni.

Njiani, wanyama hawapatikani kwa mwendo wa kasi. Mbega ndiye anayenifurahisha kuwaonyesha watoto, kwa sababu hana haraka. Anakula majani, na majani huchukua muda mrefu kusagika tumboni, kwa hiyo asubuhi utamkuta amekaa kwenye tawi akiota jua, mkia mweupe unaning'inia. Tafuteni mkia kwanza, mnyama mtamwona baadaye. Waambieni watoto watazame mikono yake: hana kidole gumba, na bado anaruka kutoka mti hadi mti. Twiga naye ni mlinzi mzuri. Akisimama na kukaza macho upande mmoja bila kutafuna, kuna kitu upande huo, na askari wetu humtazama twiga kabla ya kutazama kichaka.

Siku ya pili msitembee. Zungukeni kwa gari maziwa ya Momella mkatazame heroe (flamingo), kisha ukingo wa kreta ya Ngurdoto, ambako wageni huishia ukingoni na kutazama wanyama wa chini kwa darubini. Vilima vidogo vinavyozunguka maziwa hayo ni vipande vya Meru yenyewe: takriban miaka 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima uliporomoka na kumwagika mpaka huku. Mtoto anayechoshwa na somo la jiografia huwa anauliza maswali mengi akiambiwa hivyo akiwa amesimama juu ya kilima chenyewe.

Getini beba vitambulisho vya uraia na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana Mtanzania na mgeni hawalipi sawa, na malipo si ya fedha taslimu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo nguo kavu zifungeni kwenye mifuko isiyopitisha maji au kanga.

Jambo la mwisho ni kushuka, ambako ndiko watoto huumia. Wanakimbia, vidole vya miguu vinagonga mbele ya kiatu, na jioni kucha zimekuwa nyeusi. Wakateni kucha siku mbili kabla ya safari, wavae viatu walivyokwisha kuvizoea, na mnapoanza kushuka kazeni kamba upya kuanzia kifundoni. Mwenye haraka kuliko wote mpeni kazi ya kutembea nyuma ya bibi.