Mashine Ikisimama, Fundi Alipwe

Nina karakana ya samani Keko, Dar es Salaam. Mchana mmoja fundi wangu wa siku nyingi alikatwa vidole viwili na msumeno wa meza. Nilimkuta ameketi juu ya rundo la mbao za mninga, mkono ameuzungushia fulana yake, akaniambia, "Mama, samahani, kabati la watu halitaisha leo." Maneno hayo bado yananiuma. Mtu anavuja damu, na wazo lake la kwanza ni oda yangu.

Jioni, tuliporudi kutoka hospitali, nilikikuta kikinga cha ule msumeno juu ya rafu, vumbi limekifunika. Hakikutolewa siku ile. Niliwauliza mafundi, wakatazamana, mpaka mmoja akasema, "Mama, kikinga kinachelewesha. Na sisi tunalipwa kwa kipande." Mwingine akaongeza kwamba mkanda wa mashine ulikuwa ukiteleza kwa wiki mbili. Alimwambia msimamizi, akajibiwa kama kazi imemshinda aende nyumbani. Hakurudia kusema.

Basi hatari ile ilijulikana na kila mtu isipokuwa mimi mwenye mali. Na malipo niliyoyapanga mwenyewe ndiyo yaliyowafanya wakitoe kikinga. Bango la "Usalama Kwanza" lilikuwepo ukutani muda wote huo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako mwenye karakana, gereji au kiwanda kidogo uanzie kwenye malipo. Kwangu sasa, fundi akisimamisha mashine kwa sababu ameona hatari, analipwa wastani wa siku yake mpaka itengenezwe. Nilihofia wangetumia mwanya huo kupumzika. Haikutokea. Hasara ya saa mbili za mashine kusimama naimudu. Ile ya ajali niliionja: oda mbili zilichelewa, mteja mmoja mkubwa akahama, na mafundi wawili wazuri wakaondoka kwa woga.

La pili, kila asubuhi tunasimama dakika kumi kando ya mashine kabla ya kuwasha. Wao wanaanza kusema, mimi namalizia. Wiki ya kwanza hakuna aliyefungua mdomo. Wiki ya pili kijana wa kupiga msasa akasema kwa sauti ya chini kwamba swichi yake inapiga shoti. Kabla ya adhuhuri fundi umeme alikuwa ameshaibadilisha. Kuanzia siku hiyo wakaanza kusema. Ukipewa taarifa ukaiweka kiporo, usitegemee kupewa nyingine.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne awe na mwakilishi wa usalama na afya. Niliwaachia wapendekeze wenyewe kabla sijamwandikia barua, wakamtaja yule aliyeumia. Hakuna anayebishana naye akisema kikinga kirudishwe.

Michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, usiikwepe. Kwa sekta binafsi sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara, ilhali mwanzoni ilikuwa asilimia 1. Na majina ya vibarua yawemo kwenye orodha yako, maana wao ndio wanaopewa mashine wasizozizoea.

Ajali kila mtu anaiona, lakini vumbi linakula polepole. Tangu mwaka 1995, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeliweka vumbi la mbao kati ya visababishi vya saratani, hasa ya pua. Mafundi wetu walikuwa wakipulizana nguo kwa kompresa kabla ya kwenda kula, na wingu lote likaishia mapafuni mwao. Hilo tumeliacha. Tunanyunyiza maji kabla ya kufagia, na kazi ya vanishi na thina tumeihamishia nje, kwenye banda lisilo na kuta. Barakoa za kitambaa hazitoshi, nimenunua zile zenye vichujio, ingawa kwa joto la Dar kuzivaa kutwa nzima ni mateso na siwalaumu wanaolalamika.

Mashine ya kuvuta vumbi bado sijaimudu. Kila kabati likiuzwa natenga kidogo, na mafundi wanajua nimefikia wapi, kwa sababu huniuliza pale pale asubuhi kando ya mashine.