Jibu: Tochi ya kujiundia inafifia pangoni

Mkuu, umesema LED yako ya wati 10 ndani ya bomba la plastiki inafifia baada ya dakika kumi. Iguse kwa nyuma. Ikikuunguza kidole, usiilaumu betri. Balbu ya zamani ilitupa joto mbele pamoja na mwanga, LED hulirudisha mgongoni, na plastiki hailipitishi. Tafuta alumini yenye mapezi kwenye ampulifaya mbovu, paka ile grisi nyeupe ya mafundi kompyuta inayopitisha joto, kisha ikaze LED juu yake kwa skrubu. Halafu weka draiva, yaani saketi ndogo ya kudhibiti mkondo wa umeme, maana kuunga LED moja kwa moja na betri ni kuiua taratibu. Betri za 18650 (zile za lithiamu za duara ndefu) za laptopu chakavu zinafaa, ila zipime kwanza.

Wenzetu wa zamani walishuka mapangoni na taa za kabidi, zilizochoma gesi ya kabidi iliyochanganywa na maji, zenye moshi na masizi! Mimi bado nabeba tochi tatu.